Moto Baridi wa Jikoni kwa Kaku

Juma lililopita nilikuwa nimepanda taksi-moto, yaani pikipiki ya abiria, kurudi kutoka mazishini upande wa Kasaji, na kijana aliyekuwa akiniendesha alisimama kando ya shamba lililochomwa ili akaze mnyororo. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku tatu au nne nyuma. Harufu ya majivu yaliyolowa ilinipanda puani, na ndani yake kulikuwa na harufu nyingine, tamu, kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Niliijua kabla sijaona inakotoka. Juu ya mabua ya mahindi yaliyoungua kulikuwa na unga wa rangi ya machungwa, mwingi, uking'aa juani. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimelifundisha somo hilo miaka mingi kiasi kwamba naweza kulifundisha huku nasinzia, na wanafunzi wangu watakwambia kuwa mara nyingine ndivyo ninavyofanya. Hata hivyo nilishuka, nikainama, nikasogeza kidole polepole nikitazamia kuungua.

"Mama, kuko nini pale?" kijana aliniuliza.

"Hakuna kintu. Kaza munyororo yako, twende."

Nataka kusimulia habari za kuvu ile, na nataka kusimulia habari za Kaku, yaani bibi yangu mzaa mama. Nimejaribu mara nyingi kuzitenganisha habari hizo mbili na nimeshindwa. Waliokuwa watoto Kolwezi wakati mmoja na mimi watanielewa upesi. Wengine wanivumilie.

Tuliishi Dilala, pale Kolwezi, katika nyumba za matofali zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Tata, yaani baba yangu, alikuwa fundi katika karakana ya magari makubwa, na kwao ni kaskazini mwa Katanga, jimbo lilelile la Kolwezi. Mama alizaliwa palepale Kolwezi, kama mimi. Wazazi wake ndio waliotoka Kasai, jimbo jingine, zamani, wakati mgodi ulipokuwa unatafuta wanaume wa kufanya kazi na hakuna aliyewauliza kabila lao. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Kaku alibaki katika nyumba aliyoachiwa, mitaa miwili nyuma yetu, na mimi nilishinda kwake zaidi ya nilivyoshinda kwetu, kwa sababu kwa Kaku mtu alikula kila alipoonekana.

Hakupenda kupikia ndani. Uani alikuwa na jiko lake la udongo na nyasi, na juu ya mafiga palikuwa na dari la miti ambapo aliweka mahindi yake na magunzi yake ili moshi uyapitie na wadudu wasiyatoboe. Ukiingia mle macho yalikutoka machozi na nywele zilinuka moshi hadi Jumapili. Kaku alikuwa na sheria nyingi, lakini sheria ya moto ilizizidi zote. Hakuondoka nyumbani, hata kwenda misa, bila kuzima. Alimwaga maji, alisikiliza majivu yakinong'ona mpaka yanyamaze, kisha aliweka kiganja juu yake. Kwa safari ndefu sheria ilikuwa kali zaidi. Siku alipotoka kwao akiwa bibi harusi, mama yake alimwagia maji jiko walilopikia pamoja, akamwambia kwamba mtu akisafiri na kuacha moto wake hai, moto ule utamvuta kutoka nyuma, na asiporudi utamkausha. Nilipokuwa mdogo niliamini neno hili lote, na nilipoona mtu mwembamba barabarani nilijua kaacha moto huko alikotoka.

Halafu mambo yakaharibika. Siwezi kueleza yalivyoanza kwa sababu hakuna aliyenieleza. Mgodi ulikuwa unakufa, mishahara haikuja, Tata alianza kushinda nyumbani mchana akitengeneza vitu visivyoharibika. Redioni mtu alizungumza kwa sauti ya kupanda, na watu wazima walipandisha sauti ya redio kisha wakaishusha tulipoingia. Shuleni dawati letu la watoto wanne lilibaki na watoto wawili. Watu walisema kwamba Wakasai warudi kwao. Niliposikia hivyo nilifikiri ni watu fulani wa mbali. Siku nilipoelewa kwamba Kaku ni mmoja wao nilichanganyikiwa kabisa, kwa sababu Kaku ndiye aliyemwonyesha Tata njia ya kwenda sokoni alipokuja Kolwezi akiwa kijana, na kule walikosema ni kwao, binti yake hajawahi kufika.

"Tata," nilimwuliza, "mi niko nini?"

"Weye uko mwana yangu. Uko muntu wa hapa."

"Na Mama?"

"Mama njo Mama."

"Na Kaku?"

Tata alichukua kikombe chake, akakiona kitupu, akaendelea kukinywa.

Walichoma jiko la Kaku asubuhi moja, jua likiwa limepanda. Kaku mwenyewe alikuwa kwetu, ameketi barazani na Mama wakichambua sombe, majani ya muhogo. Tuliona moshi, na Kaku alisema tu, "Ile njo mahindi yangu inaungua," kwa sababu aliijua harufu. Nyumba ya matofali haikushika moto. Waling'oa bati na milango wakaenda nayo. Jiko la nyasi liliwaka lote, dari likaanguka na mahindi yake, na yakabaki pale chini kama fungu, yakifuka. Kisha vijana waliochoma walifika langoni kwetu. Mmoja wao alikuwa anaimba kwaya nasi kanisani. Walimsalimia Tata kwa heshima, na jambo hilo lilinitisha kuliko kama wangetukana.

"Tata, muke yako tunamwacha, juu njo muke yako," yule wa kwaya alisema. "Ule muzee, hapana. Aende ku gare na benzake. Tusimukute hapa tena."

Basi Kaku akaenda stesheni. Watu wengi walikuwa wameshafika huko, wamekaa chini na magodoro, sufuria, cherehani na kuku waliofungwa miguu, wakingoja treni ambayo haikuwa na siku. Mama alimtafutia nafasi chini ya ukuta wa ghala la mizigo, akamtandikia mkeka, akafunga turubai juu. Mwanamume mmoja mwenye karatasi alikuwa anaandika majina. Aliandika jina la Kaku. Halafu Mama akamwambia aandike na lake.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoingia ugomvi. Kaku hakuwa na mtoto mwingine Kolwezi, miguu ilimvimba, na safari ya kupitia Tenke na Kamina mpaka Kasai ilikuwa ya siku nyingi, katika mabehewa ya kujazana. Mama alisema hawezi kumpakia mama yake peke yake kama gunia. Atamfikisha, kisha atarudi.

"Utarudi na njia gani, Ngalula?" Tata alimwuliza. "Ukishatoka, bale batoto habatakuacha uingie tena."

"Mi nilizaliwa hapa."

"Na Mamu yako alizikia bwana yake hapa. Bilimusaidia nini?"

Mama alikuwa ananisuka, na alinivuta nywele mpaka nikalia, ndipo akaona kwamba nipo.

Ninapofundisha sura ya kuvu, hufika mahali ambapo lazima nieleze nyuzi. Kuvu ya aina ile haina mzizi wala jani. Mwili wake wote ni nyuzi nyembamba, na nyuzi mbili zikikutana hupimana. Zikipatana huungana, na chakula cha huku hupita hadi kule kana kwamba ni mwili mmoja tangu zamani. Zisipopatana, ile sehemu iliyoungana hufa. Kila mwaka kuna mwanafunzi mwerevu anayeinua mkono kutaka kulinganisha jambo hili na watu, na kila mwaka namwambia aketi chini. Kuvu haina redio. Haijawahi kufanya mkutano uwanjani.

Siku ya pili stesheni Kaku aliniita karibu, akanishika mkono. "Mwana wanyi," alisema, kwa kuwa aliponibembeleza alirudia lugha yake, "weye uko na miguu. Enda ku jiko yangu, uangalie kama moto imezima. Mahindi inafichaka moto siku mingi. Siwezi kupanda treni na moto yangu iko inawaka."

Nilikwenda. Fungu la mahindi lilikuwa bado linatoa moshi mwembamba, na majivu yalikuwa ya moto. Nilirudi nikamwambia. Usiku ule na siku iliyofuata mvua ilinyesha, na kila mtu stesheni alilowa. Nilipokwenda tena, moshi ulikuwa umekwisha na nilikuwa tayari kupeleka habari hiyo. Ndipo nilipoona makaa. Kati ya mahindi meusi, ndani kabisa, kulikuwa na rangi ya machungwa inayong'aa, na nilipoondoa muhindi mmoja juu niliona nyingine chini yake. Moto ulikuwa umejificha, kama Kaku alivyosema.

Nilirudi mbio kumwambia Kaku, naye akanipa kibidoni cha maji. "Mwangia," aliniambia. Nilimwagia maji yote na kukimbia. Kesho yake rangi ilikuwa imeongezeka maradufu, imepanda juu ya fungu, imefunika magunzi kwa manyoya laini. Nilishangaa mno. Nilikuwa najua kwamba maji huzima moto, na huo ulikuwa moto uliokunywa maji ukanenepa. Nilijipa moyo nikaugusa. Ulikuwa baridi. Vidole vyangu vilitoka na unga wa machungwa ambao haukutaka kufutika kwenye gauni.

Leo naweza kueleza yote. Mbegu za kuvu hii ni ndogo kupita vumbi, na zile ngumu zake hulala kimya udongoni na kwenye maganda kwa muda mrefu sana. Mvua peke yake haiziamshi. Zinangoja moto. Joto linaloua viumbe vingine vyote ndilo linalozifungua, na zikiamka zinakuta chakula kimepikwa na jirani wote wamekufa. Uzi unatoka, unagawanyika, na ule mmoja unakuwa mia. Hauna mdomo, kwa hiyo unamwaga nje maji yake ya kuyeyushia, kisha unakinywa chakula kikishalainika. Kwa siku moja unaweza kurefuka kuliko kidole cha mtoto. Mwishoni unatoa unga ule wa rangi, ambao pumzi ya mtu inatosha kuurusha hadi jikoni kwa jirani. Ina jina refu la Kilatini ambalo wanafunzi wangu hulikosea kwenye mtihani. Lakini wakati ule sikuwa na jina lolote la kuipa isipokuwa moto, na niliulizwa na mtu niliyempenda kama moto umezima.

"Bado, Kaku," nilimwambia. "Iko inawaka. Lakini iko baridi."

Kaku alinitazama mikono, akatazama uso wangu. "Aya," alisema. "Tungoje."

Treni ya kwanza ilikuja siku chache baadaye. Mwenye karatasi alisoma majina, na jina la Kaku lilikuwemo, na la Mama likafuata. Mama alikuwa amevaa viatu vya Jumapili. Sikujua kama nilie au ninyamaze, kwa hiyo nilishikilia kona ya mkeka. Kaku hakuinuka.

"Siendi," alisema. "Moto yangu iko inawaka. Muulize huyu mutoto."

Watu walicheka, hata wale waliokuwa wanalia. Mama alimgombeza mama yake mbele za watu wote, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, mpaka familia nyingine ikachukua nafasi zao na treni ikaondoka. Lakini tuliporudi nyumbani Mama alitembea upesi sana, nusura arukeruke, na mlangoni alivua vile viatu akavitupa chini ya kitanda. Hapo niliielewa kazi yangu. Moto ukizimika Kaku atapanda treni, Kaku akipanda Mama atapanda, na Mama akipanda hatarudi. Hakuna aliyenieleza hivyo. Nilijumlisha mwenyewe, na kwa mara moja hesabu yangu ilikuwa sawa.

Nikaanza kuulisha. Nilipeleka maji asubuhi, na mabaki ya bukari, ugali wetu, na maganda ya mahindi. Niligundua kwamba jua la mchana linaunyong'onyeza, kwa hiyo nilitafuta gunia, nikalilowesha, nikaufunika. Niligundua kwamba haupendi majivu matupu ila unapenda muhindi ulioungua nusu, na kwamba bukari ikishapikwa unaipanda kwa siku moja tu. Nilihamisha kidogo kwenye beseni lililopasuka, endapo fungu kubwa litakufa. Nimefanya kazi katika maabara mbili maishani mwangu na sikuwahi kuitunza kuvu vizuri kuliko nilivyoitunza ile. Na kila nilipokwenda stesheni Kaku aliuliza, nami nilijibu, "Iko inawaka," na sasa nilijua kwa nini nafurahi kusema hivyo.

Lazima niseme pia yaliyokuwa yakitokea wakati huo, kwa sababu nilikuwa nayaona. Mvua haikukata. Maji ya kunywa yalikuwa machafu. Mtoto mchanga wa familia iliyolala karibu na Kaku aliharisha siku mbili akafa, wakamzika nyuma ya reli. Kaku alianza kukohoa, kwanza kidogo, kisha kikohozi kilichomwinua mabega. Nilimwona akikohoa, nikaenda kumwagia kuvu maji. Nimeona aibu kwa jambo hilo maisha yangu yote, na watu wakiniambia kwamba nilikuwa mtoto hainisaidii.

Siku moja Mama alimsikiliza Kaku akikohoa mpaka akashindwa kuvumilia. Aliambiwa kwamba treni nyingine iko njiani, labda kesho kutwa. "Leo naenda mi mwenyewe," alisema. "Ile moto naizima na mukono yangu."

Nilimfuata nyuma. Alifika uani, akaliona gunia, akaliona beseni, akanitazama. Alifunua. Kuvu ilikuwa imejaa fungu lote, nzuri ajabu, na unga wake ulipanda hewani ukamshika kwenye kitenge. Mama alichuchumaa. Alichovya kidole, akakisugua na cha pili, akakinusa.

"Weye njo unamwangiaka maji?"

Niliinamisha kichwa. Nilingoja kofi. Mama alitazama mahali palipokuwa na mafiga. Halafu akalirudisha gunia mahali pake, akalikandamiza pembeni ili upepo usiingie.

"Twende," alisema.

Tulipofika stesheni, Kaku aliinua kichwa. "Ngalula, moto?"

Mama alikuwa akiangalia furushi lililo kando ya mkeka, si uso wa mama yake. "Iko inawaka bado, Mamu."

Kaku alimtazama sana. Nilifikiri ana hasira. "Aya," alisema, kama alivyoniambia mimi. Nami nilifurahi moyoni, kwa sababu kama Mama naye ameona ni moto, basi ni moto kweli, na sikuwa nimedanganya mtu yeyote.

Kesho kutwa yake mchana Mama alikuwa akifua, nikatumwa peke yangu kupeleka chakula. Nilimkuta Kaku ameketi wima. Alikuwa amevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na miguu yake iliyovimba ilikuwa ndani ya viatu. Turubai lilikuwa limekunjwa. Nilipouliza kwa nini, alisema anaona baridi. Kisha akaniambia niende nimletee kipande cha ule moto. Nilikimbia. Nilikiweka katika kopo la maziwa, muhindi mmoja wenye manyoya ya machungwa, na nilikipeleka kwa mikono miwili ili kisizimike njiani.

Kaku alikiinua puani akanusa, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Hii njo kuvu, mwana wanyi. Kuvu ya mahindi. Nilianzaka kuitupa mu jiko ya mama yangu, mi niko mudogo kuliko weye."

"Lakini ulisema moto..."

"Siku ya kwanza ulikuya hapa na bidole rangi ya machungwa. Moto haipakake bantu rangi." Alinishika kidole kimoja kimoja, kama anavihesabu. "Nilijua toka ile siku."

"Sasa iko moto ao iko kuvu?"

"Mama yako alisema iko moto?"

"Ndiyo."

"Basi iko moto." Aliweka kopo chini, akanifunga vizuri kamba ya gauni. "Sikia. Enda nyumbani. Ambia Mama yako: Kaku anasema moto iko inawaka, hasafiri. Asikuye leo. Akuye kesho asubui, aniletee uji. Rudilia."

Nilirudia neno kwa neno. Alinituma nirudie mara ya pili. Kisha alinisukuma mgongoni, na nilipogeuka alikuwa ananiangalia bado, kwa hiyo nikampungia mkono. Nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini ujumbe ulikuwa rahisi na nilikuwa na sifa nyumbani ya kutopoteza ujumbe.

Mama aliusikia akiwa na sabuni mikononi. Aliniambia niseme tena, nikasema tena. Alifumba macho kidogo. Halafu akaendelea kufua, na baada ya muda nilimsikia anaimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu moshi ule. Jioni alikaanga samaki. Jua lilikuwa bado linaonekana dirishani tulipoanza kula, na treni ikapiga honi, ndefu, upande wa stesheni. Mkono wa Mama ulisimama juu ya bukari.

"Ile ni ya mizigo," Tata alisema.

Mama akaendelea kula. Baadaye sana, mvua nyingine zikiwa zimepita, mtu alituletea habari kwamba Kaku alifika Kasai akiwa hai, alipokewa na mtoto wa ndugu yake, na alikufa huko kwa kifua kabla ya mavuno. Mama hakumwona tena.

Asubuhi iliyofuata honi ile tulikwenda na uji kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani. Chini ya ukuta wa ghala palikuwa na watu wengine wamelala. Mwanamke aliyefiwa na mtoto ndiye aliyetutambua.

"Alipanda jana," alisema. "Bantu babili balimubeba. Nilimuuliza, na mwana yako? Akasema mwana yake anajua."

Mama aliweka bakuli chini taratibu, kana kwamba lilikuwa na kitu cha kumwagika zaidi ya uji. Alinigeukia. "Alikuambia nini?"

"Alisema moto iko inawaka."

Ndipo Mama alipopiga kelele. Sijawahi kusikia sauti ile tena, na watu waliamka. Aliketi palepale kwenye udongo, akajipiga mapaja. "Mi njo nilimudanganya," alisema. "Mi njo nilimuambia inawaka. Ameenda na woga ya ile moto ku mugongo yake. Ameenda peke yake na woga. Mamu, Mamu."

Sikuweza kumwona Mama akiteseka hivyo kwa kosa dogo ambalo ningeweza kulisahihisha. Nilipiga magoti mbele yake, nikamtoa mikono usoni.

"Hapana, Mama," nilimwambia. "Kaku hakuogopa. Alijua ni kuvu. Alijua toka siku ya kwanza."

Mama aliacha kujipiga mapaja. "Hata ile siku mi nilimuambia iko inawaka, alijua sitaki kupanda?"

"Hata ile siku," nilisema. "Alijua, Mama. Alijua yote."

Alinitazama, kinywa wazi, na machozi yakakatika. Nikamshika shingoni nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, nikiwa na furaha, kwa kuwa nilidhani nimempa habari njema.